Harambee: Kihisishi kilichogeuka kauli ya taifa

Nembo ya taifa iko kwenye sarafu tunazolipia nauli na kwenye jalada la pasipoti. Hata hivyo, wengi wetu huitazama tu bila kuisoma. Simba wawili wameshika mikuki na ngao. Juu ya ngao yumo jogoo mwenye shoka. Simba hao wamesimama juu ya Mlima Kenya, uliozungukwa na kahawa, pareto, mkonge, chai, mahindi na mananasi. Chini kabisa pana utepe wenye neno moja tu: Harambee.

Tuanze na jina lenyewe. Zamani neno 'nembo' lilimaanisha chale za usoni au mwilini zilizomtambulisha mtu na jamii yake. Baadaye ndipo likapanuka na kumaanisha alama ya chama, kampuni au taifa. Wapo pia wanaosema 'ngao ya taifa', hasa Tanzania. Mimi naipenda 'nembo' kwa sababu ya asili hiyo. Chale haivuliwi kama shati.

Sasa tutazame kauli za majirani. Uganda, kwenye nembo yake yenye korongo na swala, iliandika kauli yake kwa Kiingereza. Tanzania, kwenye picha ya mwanamume na mwanamke waliosimama juu ya Kilimanjaro, iliandika 'Uhuru na Umoja'. Kisarufi, hizo ni nomino dhahania mbili zinazotaja mambo ya kuthaminiwa. Kenya yenyewe ilichagua kihisishi. Harambee ni mwito wa watu wanaovuta au kuinua kitu kizito kwa pamoja. Hautaji chochote; unaamrisha kazi ianze. Mzee Jomo Kenyatta aliutumia mwaka 1963 kuwahimiza Wakenya kujenga nchi changa, na umati ukaitikia.

Kuna wanaoupinga mwito huu. Eti umetokana na jina la mungu wa kike wa Kihindu, Ambe, aliyeitwa na vibarua wa reli kutoka India, kwa hivyo Mkristo au Mwislamu asiutamke. Hata tukikubali asili hiyo, ambayo bado ina utata, hoja yenyewe haina mashiko. Asili ya neno si maana yake. 'Bendera' ni neno la Kireno, lakini sijamsikia yeyote akidai kwamba tunapopandisha bendera tunaitii Lisbon. Maana ya neno hutolewa na wanaolitumia, na Wakenya wamelitumia harambee kujengea madarasa, zahanati na mabwawa ya maji.

Penye ugumu zaidi ni kwa jogoo. Nembo ilipobuniwa mwaka 1963, jogoo alikuwa tayari alama ya KANU, chama kilichokuwa kimeshinda uchaguzi, ilhali KADU ilikuwa upande wa upinzani bungeni. Yaani mwito wa wote uliandikwa chini, na ndege wa chama kimoja akawekwa katikati ya ngao. KADU ilivunjwa mwaka 1964. KANU nayo ikang'olewa madarakani mwaka 2002. Jogoo angali pale. Leo tunafundishwa kwamba ni ishara ya mapambazuko mapya, na tafsiri hiyo inafaa, ila wanafunzi waambiwe pia alikotoka.

Neno nalo limebadilika. Kihisishi kimekuwa nomino katika ngeli ya I-ZI: harambee hii, harambee hizi. Mabadiliko hayo yamepunguza maana. Siku hizi ukiambiwa 'kuna harambee Jumamosi', hufikirii kamba wala jembe. Unafikiria hema, kipaza sauti na mheshimiwa anayetangaza mchango wake huku kamera zikimwangalia. Ndiyo maana sheria ya maadili ya maafisa wa umma ya mwaka 2003 iliwazuia kutumia ofisi zao kuomba michango ya harambee. Neno lililowapanga watu kwenye kamba moja limegawa watu mafungu mawili: anayetoa na wanaopiga makofi.

Katiba ya 2010, Kifungu cha 9, inaitaja nembo miongoni mwa alama za taifa. Walimu wa Kiswahili, msiwaachie wenzenu wa historia mada hii. Waulizeni wanafunzi: harambee ni nomino au ni kihisishi? Anayejibu kuwa ni nomino atasubiri mgeni wa heshima afike. Anayejibu kuwa ni kihisishi atatafuta mahali pa kushika.