Nambari katika Uaguzi wa Karata za Taroti: Ishara Iliyotangulia au Maana Iliyofuata?

Utangulizi

Wanaoagua kwa karata za taroti hushikilia kwamba nambari ndiyo uti wa mgongo wa usomaji wao. Moja ni chimbuko, mbili ni mkabala wa nguvu mbili, tatu ni uzazi, nne ni uthabiti, tano ni msukosuko, na kumi ni ukamilifu unaofungua mzunguko mwingine. Aidha, hudaiwa kuwa maana hizi zilifichwa humo na wahenga wa kale, na kwamba kazi ya mwaguzi ni kuzifichua tu. Dai hili linamgusa mhakiki wa fasihi kwa sababu linaibua swali asiloweza kulikwepa: je, maana ya ishara imo katika ishara yenyewe, au hutiwa humo na wanaoisoma? Makala haya yanachunguza historia ya nambari za taroti kwa nia ya kulijibu swali hilo.

Karata za mchezo

Taroti haikuzaliwa kilingeni. Ilizuka kaskazini mwa Italia katika miaka ya 1440 ikiwa mchezo wa makabaila. Wakati huo karata za kawaida zilikuwa zimekwisha kuingia Ulaya kutoka katika ulimwengu wa Kiislamu, hususan Misri ya Wamamluki, zikiwa na makundi manne: vikombe, sarafu, panga na fimbo. Mzungumzaji wa Kiswahili anayajua makundi haya pasipo kujua kwamba anayajua. Kopa, uru, shupaza na pau ni maneno ya Kireno yenye maana ya vikombe, dhahabu, panga na fimbo. Kadhalika neno turufu, ama lilipitia Kireno ama lugha za Bara Hindi, asili yake ya mbali ni neno lile lile la ushindi lililowapa Waitalia jina trionfi, yaani karata za picha zilizoongezwa juu ya makundi manne ili ziyashinde mengine yote.

Jozi iliyoenea zaidi ina karata 78: turufu 22, na karata 56 za makundi manne, kila kundi likiwa na karata 14. Je, hesabu hii ni ya siri? Historia haikubali. Karata za jamii za Visconti na Sforza wa Milan, zilizochorwa yapata 1450, hazikuandikwa nambari yoyote juu ya turufu zake. Wachezaji waliukariri mpangilio kwa moyo. Jozi ya Florence iitwayo Minchiate ina turufu 40 zaidi ya Mjinga, na jumla yake ni karata 97. Hata mpangilio wenyewe ulihitilafiana. Michael Dummett, katika utafiti wake wa 1980, alionyesha kuwa Haki iliwekwa karibu na kilele huko Ferrara, ilhali Milan iliiweka katika nafasi za chini. Mauti pekee ndiyo iliyokaa karibu kila mahali katika nafasi ya 13, nambari ambayo Wazungu waliihesabu kuwa ya nuksi. Hapo pana taashira ya kweli, lakini ni taashira ya imani ya umma wala si ya elimu ya siri.

Nambari zageuzwa herufi

Mabadiliko yalitokea Paris mwaka 1781. Antoine Court de Gébelin alidai kwamba taroti ni kitabu cha makuhani wa Misri ya kale. Mwenzake, Comte de Mellet, ambaye insha yake ilichapishwa katika juzuu hiyo hiyo, alizilinganisha turufu 22 na herufi 22 za Kiebrania. Maandishi ya Misri yalikuwa bado hayajasomeka. Champollion alitangaza ufumbuzi wake mwaka 1822. Kwa hiyo madai hayo yalijengwa juu ya lugha ambayo wadai wenyewe hawakuweza kuisoma.

Kwa msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki, ulinganishi wa herufi na nambari si jambo geni. Katika hisabu ya abjadi, alifu ni moja, be ni mbili, jimu ni tatu, dali ni nne. Kiebrania kina utaratibu wa namna hiyo hiyo. Éliphas Lévi aliuegemeza mfumo wake wote juu ya utaratibu huo katika kitabu chake cha miaka ya 1850, akamweka Mjinga karibu na mwisho wa safu. Chama cha Hermetic Order of the Golden Dawn, kilichoasisiwa London mwaka 1888, kilimhamishia Mjinga mwanzoni na kumpa sifuri. Hivyo karibu kila karata ilisogea herufi moja, na maana yake ikasogea pamoja nayo.

Mfano wa Nane na Kumi na Moja

Athari ya jambo hili inadhihirika katika karata mbili. Katika mpangilio wa Marseille, Haki ni ya 8 na Nguvu ni ya 11. Golden Dawn walizihusisha herufi na nyota za falaki, ambako Simba hutangulia Mizani. Karata ya Nguvu ina picha ya mwanamke na simba. Karata ya Haki ina mizani. Ili nadharia isimame, ilibidi karata zibadilishane nafasi. A. E. Waite aliufuata mpangilio huo katika jozi iliyochorwa na Pamela Colman Smith na kutolewa London mwaka 1909, wala hakuwaeleza wasomaji wake sababu. Baadaye Aleister Crowley alizirejesha nambari za awali. Ikiwa 8 ina maana ya asili, basi ni lazima mmoja kati ya mabwana hawa awe amekosea. Lakini waaguzi wa pande zote mbili husoma 8 yao kwa uhakika ule ule.

Tano nayo inafunza. Katika jozi ya Waite, tano za makundi yote manne zinaonyesha dhiki: ugomvi, hasara, ushinde na ufukara. Msomaji huitazama picha akaona kwamba tano ni msukosuko. Hata hivyo, katika jozi ya Marseille tano ya vikombe ni vikombe vitano tu. Nadharia ya Golden Dawn ilizifungamanisha nambari moja hadi kumi na ngazi kumi za Kabala, ambamo ya tano ni ya ukali. Picha ilichorwa baada ya nadharia, kisha ikawa ushahidi wa nadharia. Huo ni mduara.

Karata mikononi mwa watunzi

Watunzi hawakudanganyika, na hawakuidharau taroti vilevile. T. S. Eliot aliitumia katika The Waste Land (1922), na katika maelezo yake alikiri kwamba hakuijua barabara jozi hiyo na kwamba aliigeuza kwa manufaa ya shairi. Italo Calvino, katika riwaya yake ya 1973 kuhusu kasri la majaliwa yanayopishana, anawaonyesha wasafiri mabubu wakisimulia visa vyao kwa kupanga karata. Karata moja huingia katika visa kadhaa, na kila mara hupata maana kutokana na jirani zake. Hili linaafikiana na rai ya de Saussure kwamba thamani ya ishara hutokana na uhusiano wake na ishara nyingine katika mfumo.

Hitimisho

Ni vyema kuitofautisha taroti na ramli. Katika ramli, mistari minne, kila mmoja wa nukta moja au mbili, huzaa alama 16, hazizidi wala hazipungui. Humo nambari ndiyo kanuni inayozizaa alama zenyewe, kama mizani inavyolijenga shairi. Katika uaguzi wa taroti, maana ya nambari ni vazi lililoshonwa baadaye. Hili haliifuti thamani yake, kwani mapokeo ya karne mbili na zaidi nayo ni mapokeo. Linachotaka ni kwamba yasivishwe umri yasiokuwa nao. Somo hili linamhusu kila anayesaka nambari za siri katika utenzi au riwaya. Anayeanza na maana aitakayo, kisha akazipanga nambari ziifuate, hajahakiki, amepiga bao.