Bess Evinrude na Mashine ya Boti

Kila nikifungua mashine ya boti hapa karakana kwetu Tanga, nakuta mpangilio uleule aliouchagua Ole Evinrude kule Milwaukee, Marekani: krenki imesimama wima, shafti inashuka hadi majini, na huko chini gia zinageuza mzunguko ili rafadha isukume chombo mbele.

Ole alizaliwa Norway mwaka 1877, akapelekwa Wisconsin akiwa mtoto, akawa fundi wa kuchonga kalibu. Hakuwa wa kwanza kupachika injini tezini. Cameron Waterman wa Detroit alimtangulia. Watu hupenda kusimulia kuwa wazo lake lilitokana na aiskrimu iliyoyeyuka katika ziwa Okauchee wakati Ole akivuta makasia kumpelekea mchumba wake, Bess Cary. Mimi navutiwa zaidi na kazi aliyoifanya Bess baada ya ndoa.

Alipoiona mashine ya majaribio alisema inafanana na kinu cha kusagia kahawa. Hata hivyo ni yeye aliyeitafutia wateja. Alishika daftari za hesabu, akajibu barua, akatunga tangazo la kuwahimiza watu watupe makasia. Mwaka 1909 mauzo yakaanza: silinda moja, nguvu ya farasi moja na nusu, uzito wa kilo 28, bei dola 62. Haikuwa na kamba ya kuvuta. Ulishika kirungu kilichopachikwa kwenye gurudumu zito la juu, ukalizungusha kwa mkono. Injini ikishawaka, kirungu nacho kinazunguka kwa kasi ileile. Usipowahi kutoa vidole, umeumia.

Maagizo yalivuka bahari hadi kwa wavuvi wa Skandinavia. Chris Meyer, mwenye boti za kuvuta meli, alikuwa ametia mtaji katika kampuni yao. Kazi ikamchosha Bess, afya yake ikadhoofika. Ole akamuuzia Meyer sehemu yake, akaahidi kutoshindana naye kwa miaka mitano.

Muda ulipokwisha, Ole alikuwa na mashine mpya ya silinda mbili, iliyotumia sana aluminiamu: kilo 22 tu, nguvu ya farasi tatu. Aliyewahi kubeba mashine begani kutoka chomboni hadi pwani kavu anajua kilo sita zina maana gani. Ole aliipeleka kwa Meyer kwanza, Meyer akaikataa, na kwa maoni yangu hakuna uamuzi uliomgharimu zaidi. Mume na mke wakaanza upya kwa kampuni nyingine. Mwaka 1921 mashine hiyo ikaingia sokoni kwa jina la ELTO, Bess akiwa tena kwenye meza ya biashara. Kufikia 1929 kampuni ya zamani na hiyo mpya ziliunganishwa, Ole akawa rais.

Bess alifariki mwaka 1933, Ole mwaka uliofuata. Masimulizi mengi humtaja Ole peke yake kuwa mwasisi, na Bess hubaki kuwa msichana wa aiskrimu. Waasisi walikuwa wawili, na sisi mafundi tunapowafundisha vijana kazi hii tuwatajie wote wawili.