Blanketi ya vipande: ufundi uliovuka bahari

Fundi akimaliza kukata kikwembe, vipande vinabaki chini ya masini. Mara nyingi vinatupwa. Lakini kuna watu ambao vipande vya namna hiyo vimewatunzia historia yao.

Katika jimbo la Karnataka, India, wanaishi Wasidi. Wazee wao walitoka Afrika. Wengi waliletwa Goa na Wareno kama watumwa, na wengine wakatoroka na kuingia msituni. Lugha za mababu zilipotea. Ila wamama bado wanashona kawandi, blanketi ya nguo zilizochakaa.

Mama anatandika sari ya zamani. Anaanza pembeni, anashona kwa mkono, anazunguka mpaka katikati. Kwenye pembe nne anaweka phula, maana yake maua: vipande vidogo vilivyokunjwa. Kawandi bila phula, wanasema, iko uchi. Wanafunika nayo watoto na wajukuu. Mwaka 2004 walianzisha ushirika ili waiuze pia.

Hapa Kipushi, wakati wa Union Minière, wake za wafanyakazi walifundishwa kushona kwenye foyer. Mgodi ulisimama mwaka 1993, mishahara ikakatika, lakini sindano haingoji kampuni.

Ninyi familia mulioacha nyumba zenu, musitupe kikwembe cha bibi wala nguo ya mtoto aliyekua. Muunganishe. Na wakati wa kushona, mwambieni mtoto kila kipande kilitoka wapi.