Mama Mbadala na Habari za Mimba: Kutoka Gazetini hadi Instagram

Mama mbadala ni mwanamke anayebeba mimba kwa makubaliano kwamba mtoto atakayezaliwa atalelewa na watu wengine. Habari ya mimba ya namna hii ina wenyewe zaidi ya mmoja tangu siku ya kwanza: mwili ni wa anayebeba, matarajio ni ya wazazi wanaomsubiri mtoto, na maisha yatakayofuata ni ya mtoto mwenyewe. Swali la nani aitangaze, lini na kwa kiasi gani, liliulizwa miaka mingi kabla ya Facebook. Mitandao ya kijamii imelitoa tu mezani kwa wahariri na kulitia kwenye simu ya mama.

Si kila mahali ambapo kuzaa kwa ajili ya nyumba ya mwingine kulikuwa jambo la kufichwa. Kwa Wakuria wa Tarime na wenzao wa upande wa Kenya, mwanamke asiye na mtoto wa kiume anaweza kutoa mahari kumwoa mwanamke mwingine, katika ndoa iitwayo nyumba ntobhu, na watoto wakahesabiwa kuwa wa nyumba ya aliyetoa ng'ombe. Ng'ombe hao hupita mbele ya macho ya watu. Mkataba wa kisasa ulianza kwa namna tofauti kabisa. Ulitoka katika ofisi ya wakili na chumba cha daktari, katika nchi za Magharibi ambako matumizi ya mbegu za mchangiaji yalikuwa yamezoeleka kufichwa hata kwa mtoto aliyezaliwa kwazo.

Wakili aliyefungua njia ni Noel Keane wa Dearborn, Michigan, aliyeandaa mkataba wa aina hiyo mwaka 1976. Ili kupata wanawake wa kubeba mimba, Keane alitegemea matangazo ya magazeti na vipindi vya televisheni. Shughuli iliyotaka usiri ikawa haiwezi kuishi bila kujitangaza, na mvutano huo haujaisha hadi leo. Ulionekana mapema kwa Elizabeth Kane, mwanamke wa Illinois aliyejifungua mwaka 1980 kwa malipo ya dola 10,000. Jina hilo lilikuwa la kubuni, lakini uso uliotokea kwenye televisheni na magazeti ulikuwa wake halisi, kwa hiyo majirani hawakuwa na la kubahatisha. Waliofichika kweli walikuwa wazazi waliomchukua mtoto. Baadaye Kane alijuta, akaandika kitabu na kuwa mpinzani wa desturi aliyokuwa ameitangaza kwa furaha. Picha za furaha ile hazikuweza kurudishwa.

Uingereza ilikutana na jambo hili Januari 1985. Kim Cotton alijifungua mtoto wa kike katika hospitali ya Barnet, kaskazini mwa London, kwa makubaliano ya pauni 6,500 yaliyopitia kwa wakala wa Marekani. Waandishi wa habari waliizingira hospitali, halmashauri ya mtaa ikaenda mahakamani, na mtoto akawekwa chini ya ulinzi wa mahakama kwa siku kadhaa kabla Jaji Latey hajaruhusu akabidhiwe baba yake na mkewe, waliokuwa wageni kutoka nje ya nchi. Majina ya wazazi hao hayakutangazwa, na mahakama ilihakikisha hivyo. Cotton, kwa upande wake, aliuza simulizi yake kwa gazeti na kulipwa zaidi ya alivyolipwa kwa mimba yenyewe. Wengi walimlaumu kwa hilo. Lawama hiyo ilisahau kwamba magazeti yangeandika habari zake hata angekaa kimya, na kwamba kati ya wote waliohusika ni yeye tu ambaye jina lake halikuwa na kinga yoyote.

Bunge halikuchelewa. Kabla mwaka huo haujaisha ilipitishwa sheria iliyowapiga marufuku mawakala wa biashara na kuharamisha matangazo: mwanamke haruhusiwi kutangaza kwamba yuko tayari kubeba mimba, wala wanaomtafuta hawaruhusiwi kutangaza. Sheria hiyo iliandikwa kwa kufikiria magazeti na mbao za matangazo. Kim Cotton alishiriki kuanzisha shirika la COTS mwaka 1988, ambalo liliwakutanisha watu bila faida ya kibiashara.

Kesi ya Baby M huko New Jersey ilionyesha upande mwingine, kwamba mahakama yenyewe inaweza kuwa jukwaa. Mtoto huyo alizaliwa Machi 1986, na mama mbadala, Mary Beth Whitehead, akakataa kumwachia. Herufi moja ilitumika kumsitiri mtoto, lakini majina ya watu wazima yalijaa kila gazeti. Mazungumzo ya simu yaliyorekodiwa na baba wa mtoto yalisikilizwa mahakamani. Wataalamu walifika hadi kuchambua jinsi Whitehead alivyocheza na mwanawe, na vitu gani vya kuchezea alimpa. Jaji Sorkow aliuthibitisha mkataba mwaka 1987. Mahakama ya Juu ya jimbo ikaubatilisha Februari 1988, ingawa malezi yalibaki kwa baba na mama akapewa haki ya kumwona mtoto. Mwaka huohuo kisa kiligeuzwa kuwa filamu ya televisheni.

Afrika Kusini ilipata habari yake Oktoba 1987, pale Pat Anthony wa Tzaneen, mwenye miaka 48, alipojifungua mapacha watatu waliotokana na mayai ya binti yake. Gazeti la Uingereza lilinunua haki ya kuichapisha, na dunia ikampokea kwa shangwe zaidi kuliko Cotton, bila shaka kwa sababu alikuwa bibi aliyemsaidia mwanawe. Nchi hiyo iliandika sheria baadaye, kwa utulivu zaidi. Sheria yake ya Watoto ya 2005 inataka makubaliano yathibitishwe na Mahakama Kuu kabla mimba haijatungwa, inakataza kuchapisha utambulisho wa wahusika wa shauri bila idhini yao ya maandishi, na inakataza kuchapisha lolote linalofichua mtu aliyezaliwa kwa njia hiyo.

India ilikwenda mbali zaidi kwa kuuficha mwili wenyewe. Katika mji wa Anand, jimbo la Gujarat, ambako kliniki ya Dk. Nayana Patel ilijulikana duniani kupitia televisheni, wanawake wengi walikaa kwenye mabweni hadi kujifungua. Bweni lilikuwa na faida ya kitabibu kwa kliniki, lakini pia liliwaepusha wanawake na maneno ya mtaani, kwa kuwa wapo waliodhani mimba ile ilihitaji kulala na mwanamume mgeni. Baadhi waliwaambia ndugu kwamba wamekwenda kufanya kazi mjini. Wateja wa kigeni, wakati huohuo, waliandika safari yao yote kwenye kurasa zao. Serikali iliwafungia wageni mlango mwaka 2015, na sheria ya 2021 ikapiga marufuku malipo ya biashara.

Intaneti ilipoingia katikati ya miaka ya 1990, kilichobadilika kwanza kilikuwa upweke. Wanawake wa Marekani walioishi miji ambayo hakuna mwingine aliyebeba mimba ya namna hiyo walikutana kwenye mabaraza ya mtandaoni wakitumia majina ya bandia. Facebook iliwataka majina halisi, na Instagram, iliyoanza 2010, ikataka picha. Tumbo linalokua, karatasi za ultrasaundi na siku ya kujifungua vikawa mambo ya kuonyesha marafiki, na wengine walipata wazazi watarajiwa kwa njia hiyohiyo. Mawakili nao wakaongeza vifungu kwenye mikataba: mama mbadala asitangaze kabla wazazi hawajatangaza, asitaje majina wala hospitali, asiweke picha ya mtoto bila ruhusa. Sheria za Marekani za siri ya mgonjwa huifunga kliniki na bima, hazimfungi mgonjwa mwenyewe, na ndiyo maana kazi hiyo huachiwa mkataba. Kifungu kinachompa mama mbadala haki hiyohiyo dhidi ya wazazi, kwamba uso wake na jina lake visiwekwe kwenye kurasa zao, hupaswa kuombwa na wakili wake mwenyewe.

Nguvu ya mtandao ilionekana wazi mwaka 2014, kwa mtoto aliyeitwa Gammy. Mama mbadala wa Thailand, Pattaramon Chanbua, alibaki na mtoto huyo mwenye ugonjwa wa Down, huku pacha wake wa kike akichukuliwa na wanandoa wa Australia. Habari ilienea kwa siku chache tu, na mchango wa mtandaoni ukavuka dola 200,000 za Australia. Waandishi walifukua pia hukumu za zamani za baba wa mapacha hao za makosa ya kingono dhidi ya watoto. Thailand ilifunga mlango kwa wageni mwaka 2015. Lakini Aprili 2016 mahakama ya familia ya Australia Magharibi iliamua kwamba wanandoa hao hawakumtelekeza Gammy kama ilivyodaiwa, na pacha akabaki nao, kwa masharti makali. Uamuzi huo haukuwafikia wengi wa waliosambaza habari ya kwanza.

Kenya haikuwa na sheria mahususi mwaka huohuo wa 2014, hospitali moja ya Nairobi iliposhindwa kujua imwandike nani kuwa mama wa mapacha waliozaliwa na mama mbadala. Taarifa zilifikishwa kwa idara ya watoto, na watoto wakapelekwa makao ya watoto. Jaji David Majanja aliona kwamba haki za wahusika zilikiukwa. Walalamikaji katika hukumu hiyo wanajulikana kwa herufi tu, JLN na wenzake, njia ileile iliyotumika New Jersey, isipokuwa safari hii herufi ziliwasitiri na watu wazima.

Uingereza bado ina marufuku yake ya matangazo ya 1985, ingawa vikundi vya Facebook vinavyowakutanisha wanawake na wazazi watarajiwa vimejaa. Machi 2023 tume za sheria za nchi hiyo zilipendekeza marufuku hiyo ilegezwe kwa makubaliano halali, na kuwe na daftari la taifa ambamo aliyezaliwa na mama mbadala ataweza kutafuta asili yake akiwa mtu mzima.