Ualosteri Si Upole: Dawa Mbili katika Mabonde ya Kasese

Mwanafunzi wa famakolojia huambiwa mapema kwamba dawa inayoshika kipokezi pembeni, mbali na pale inapokaa kemikali ya mwili wenyewe, ni dawa yenye adabu: haitoi amri, hukuza au hufifisha tu amri iliyokwisha kutolewa. Dhana hii ya kushika pembeni, alosteri, ilipata umbo lake maarufu kwa Monod, Wyman na Changeux mwaka 1965. Dai kwamba ualosteri ni dhamana ya usalama halikutoka kwao. Limeongezwa baadaye, nami nalikataa. Ushahidi uko magharibi mwa Uganda, wilayani Kasese, ambako dawa mbili za namna hii zimetumika bila kutambuliwa kuwa ndugu.

Ya kwanza ni dayazepamu, inayodungwa mgonjwa wa kifafa anapofikishwa hospitali ya Bwera akiwa bado anatetemeka. Kipokezi chake, kile cha GABA aina ya A, ni vipande vitano vya protini vilivyozunguka tundu la kupitisha kloridi. GABA hushika mpakani mwa alfa na beta, dayazepamu mpakani mwa alfa na gama. Pasipo GABA, dayazepamu hailifungui tundu. GABA inapofika, dayazepamu hulifanya lifunguke mara nyingi zaidi. Hapo ndipo nguvu yake inapokoma, na ndiyo sababu aliyeimeza kupita kiasi, bila kitu kingine, kwa kawaida hulala fofofo huku akipumua. (Akiichanganya na pombe ya waragi, kinga hiyo haipo tena.) Lakini fenobabito, dawa nyingine ya kifafa, nayo hushika pembeni, na dozi ikiwa kubwa hulifungua tundu yenyewe. Wote wawili ni waalosteri. Mmoja tu ndiye mpole.

Ndugu wa pili ni ivamektini. Mabonde ya Lhubiriha, mto unaopita mpakani na Kongo, na Nyamugasani yalihesabiwa miongoni mwa maeneo ya usubi, ugonjwa uletwao na mnyoo, ambao Uganda iliamua mwaka 2007 kuutokomeza kabisa. Mgawaji wa kijiji hakumpima mtu uzito; alimsimamisha kando ya kijiti chenye alama, na asiyefika sentimita 90 hakupewa dawa. Dozi inayolengwa ni takriban mikrogramu 150 kwa kila kilo ya mwili. Inakoenda kufanya kazi ni ndani ya mnyoo, kwenye mfereji wa kloridi unaofunguliwa na glutameti, wa ukoo mmoja na kipokezi chetu cha GABA. Mwaka 2011 Hibbs na Gouaux walionyesha umbo lake: ivamektini imejichomeka kati ya vipande, ndani ya utando, mbali kabisa na kikao cha glutameti. Hiyo ni alosteri isiyo na shaka. Hata hivyo haisubiri amri ya mtu. Hulifungua tundu yenyewe, na likishafunguka halifungiki kwa urahisi. Viluwiluwi vya mnyoo hupooza.

Kwa nini basi mkulima wa Kasese hapoozi naye? Mfereji huo wa glutameti binadamu hana, lakini vipokezi vyake vya GABA na glisini huitikia ivamektini ikizidi. Mlinzi ni pampu ya protini iitwayo P-glaikoprotini, inayoirudisha dawa kwenye damu kabla haijaingia ubongoni. Mwaka 1994, Amsterdam, panya waliokosa pampu hiyo walikufa walipotibiwa utitiri kwa ivamektini. Mbwa wa aina ya collie wenye kasoro kama hiyo huathirika vivyo hivyo. Usalama wa dawa hii umo mlangoni mwa ubongo, wala si katika mahali inaposhika.

Dawa hizi hukutana kwa mgonjwa. Katika miaka ya 1990, Kipp, Kaiser na wenzao waliona wilayani Kabarole, jirani ya Kasese, kwamba kifafa kilikuwa kingi palipokuwa na usubi mwingi. Uhusiano huo ungali ukijadiliwa, ila ukikubaliwa, ivamektini huzuia kile ambacho dayazepamu hujaribu kukizima. Na hapa adabu ya dayazepamu hugeuka udhaifu. Degedege likirefuka, seli huvimeza vipokezi vya GABA kutoka juu ya utando, na dawa isiyo na amri yake yenyewe hubaki na kidogo cha kukuza. Mtoto anayeteremshwa kwa bodaboda kutoka milimani hadi Bwera hupoteza ufanisi wa dawa njiani. Kwa hiyo dayazepamu ya kutiwa njia ya haja kubwa inastahili kuwekwa katika vituo vya afya vya juu mlimani, na mgonjwa apewe kabla hajapakiwa kwenye pikipiki.