Mzee wa Fimbo na Jina la Kuokota

Katika rasimu za kwanza za riwaya ya The Hobbit, Gandalf hakuwa yule mzee wa fimbo hata kidogo. Lilikuwa jina la mkuu wa mbilikimo, ambaye wasomaji wa leo wanamjua kama Thorin. Mzee mwenyewe aliitwa Bladorthin, jina zito lisilokaa mdomoni. Kitabu kilipotoka Septemba 1937, majina yalikuwa yamekwisha hamishwa.

Mwandishi wake, J. R. R. Tolkien, aliyezaliwa Bloemfontein, Afrika Kusini, mwaka 1892, hakulibuni jina la Gandalf. Aliliokota katika fasihi ya kale ya Iceland, iliyohifadhiwa kwenye mswada wa ngozi ya ndama ulioandikwa mnamo 1270. Utenzi wa kwanza mswadani, Völuspá, unasimulia kuumbwa kwa dunia na kuangamia kwake, lakini njiani unasita ghafla na kumwaga orodha ndefu ya majina ya mbilikimo. Wamo Durin, Thorin, Fili, Kili, Bombur, na yumo Gandálfr. Wataalamu wengi wanaiona orodha hiyo kuwa kiraka kilichoshonewa baadaye, na wasomaji wengi huiruka.

Tolkien hakuiruka. Gandr ni fimbo ya uganga. Álfr ni kiumbe wa ghaibu, jamaa wa mbali wa majini wa hadithi zetu. Kumpa mbilikimo jina hilo ni sawa na kumwita mvuvi Mkulima.

Maneno ndiyo yaliyokuwa riziki yake. Mwaka 1919 na 1920 alikuwa kwenye Kamusi ya Kiingereza ya Oxford, akichimbua asili ya maneno yanayoanza na W. Mwaka 1925 akawa profesa wa Kiingereza cha kale Oxford, na mwaka uliofuata akaanzisha Kolbítar, baraza la walimu waliokutana kusoma hadithi za Iceland katika lugha yake yenyewe, na mwandishi C. S. Lewis naye alijiunga. Mtu wa namna hii haliachi neno kuukuu na vumbi lake. Ent, ile miti yake inayotembea, ni neno la Kiingereza cha kale lenye maana ya jitu. Orc nalo lilikuwa zimwi au pepo, na jamaa yake limo katika Beowulf, utenzi wa Kiingereza cha kale.

Mfasiri wa Kiswahili hukwama kwenye “wizard”, neno analoitwa Gandalf kwa Kiingereza, lililozaliwa na lile la hekima. Kwetu mchawi huroga, huwanga usiku na husafiri kwa ungo. Mtu hampi pete ya siri amtunzie. Mganga anakaribia kidogo, ila Gandalf hapigi ramli wala hadai kuku mweupe.

Mswada wenyewe nao umesafiri. Mwaka 1643 ulifika mikononi mwa askofu Brynjólfur Sveinsson wa Skálholt, na mwaka 1662 akampelekea mfalme wa Denmark, mtawala wa Iceland wakati huo. Ndiyo asili ya jina lake la Kilatini, Codex Regius, yaani kitabu cha mfalme. Ulikaa Copenhagen miaka 309. Iceland ilipata jamhuri yake mwaka 1944, ila miswada yake mikongwe ilikuwa bado ng’ambo, na madai hayakukoma. Tarehe 21 Aprili 1971 manowari ya Denmark ilitia nanga Reykjavík ikiwa na mswada huo, na maelfu ya watu walikuwa wamefurika bandarini kuupokea, kana kwamba ni ndugu aliyerudi kutoka safari ndefu. Tolkien alikuwa bado hai. Alifariki Septemba 1973.

Siku hizi mswada unatunzwa mjini Reykjavík, katika jengo la Edda lililofunguliwa mwaka 2023. Yamesalia majani 45 ya ngozi, na Gandálfr bado yumo, kwenye safu ya mbilikimo.