Gharama za gari kwa mtu anayelipa madeni

Kwa Wakenya wengi gari ni chombo cha kazi. Hata hivyo, pia ni mali ambayo dalali huweza kuichukua kwa urahisi mwenyewe anaposhindwa kulipa deni. Kwa sababu hiyo, anayelipa mikopo mingine anapaswa kujua gari linamgharimu kiasi gani na ni nani hasa anayelimiliki kabla ya kuamua kulinunua, kulikodi au kuliuza.

Kosa la kawaida ni kuhesabu awamu ya mkopo pekee. Chukua mfano wa mkopo wa Sh800,000 unaolipwa kwa miezi 36 kwa riba ya asilimia 16 kwa mwaka, inayotozwa kwenye salio linalopungua. Awamu yake ni takriban Sh28,100 kila mwezi. Ikiwa mwenye gari husafiri kilomita 40 kwa siku 22 za mwezi, na gari hutumia lita moja kwa kilomita 12, petroli ya Sh180 kwa lita itamgharimu Sh13,200. Ukiongeza bima kamili ya Sh44,000 kwa mwaka, pamoja na Sh6,000 za maegesho na matengenezo kila mwezi, jumla inakaribia Sh51,000. Awamu ni zaidi kidogo tu ya nusu ya gharama hiyo.

Bei ya mafuta nayo haitulii. Mamlaka ya kudhibiti kawi, EPRA, hutangaza bei mpya tarehe 14 ya kila mwezi. Hivyo basi, bajeti iliyokazwa mno huweza kuvurugika kwa tangazo moja.

Namna ya kukokotoa riba pia ina uzito mkubwa. Iwapo asilimia 16 hiyo hiyo itatozwa kwenye mkopo wote wa awali kwa miaka mitatu, bila kujali kiasi ambacho kimekwisha kulipwa, riba itafika Sh384,000. Ikitozwa kwenye salio linalopungua, itakuwa takriban Sh212,500. Mkopaji asiyeuliza swali hilo kabla ya kutia sahihi huenda akalipa zaidi ya Sh171,000 za ziada.

Kuna njia tatu za kupata gari bila kulilipia lote papo hapo. Ya kwanza ni mkopo ambapo gari lenyewe huwa dhamana, na jina la mkopeshaji huandikwa kwenye logibuku pamoja na la mkopaji. Ya pili ni kununua kwa awamu, ambapo muuzaji hubaki mmiliki hadi malipo yakamilike. Sheria inayosimamia mikataba hiyo, Sura ya 507, humkinga mnunuzi: akishalipa thuluthi mbili za bei, mwenye gari hawezi kulitwaa ila kwa kufungua kesi mahakamani.

Njia ya tatu ni kukodi kwa muda mrefu. Serikali ya Kenya ilianza kukodi magari ya polisi kwa mtindo huo mwaka wa 2013. Ada ya mwezi huweza kujumuisha bima na matengenezo, jambo linalomwondolea mkodi hofu ya gharama za ghafla. Lakini muda ukiisha gari hurudishwa, na fedha zilizolipwa hazimpi umiliki. Mkataba ukivunjwa mapema, faini huweza kuwa kubwa. Ni muhimu pia kusoma kikomo cha kilomita na masharti kuhusu uharibifu.

Kwa aliyeajiriwa, Sheria ya Ajira ya 2007 inaagiza kwamba makato yote ya mshahara yasizidi thuluthi mbili. Hicho ni kikomo cha sheria, si kipimo cha uwezo. Petroli, kodi ya nyumba na karo hulipwa kutokana na kile kinachosalia.

Mapato yanapopungua, wengine huacha kulipia bima kamili. Hatua hiyo ni hatari ikiwa gari ni dhamana, kwani huvunja mkataba, na gari likiharibika kabisa ajalini, deni hubaki pale pale. Bima ya mtu wa tatu ni lazima kisheria kwa kila gari barabarani, lakini hailipii hasara ya mwenye gari.

Dalili za kushindwa zikionekana, mdaiwa afike kwa mkopeshaji mapema na kuomba muda wa malipo urefushwe. Awamu itapungua, ingawa riba ya jumla itaongezeka. Asingoje siku 90 zipite, kwani hapo benki huhesabu mkopo kuwa usiolipika. Tangu 2007, Sheria ya Benki huzuia riba inayotozwa baada ya hatua hiyo kupita deni la msingi lililokuwapo wakati huo.

Ikibidi kuachana na gari, ni afadhali mwenyewe atafute mnunuzi kwa idhini ya mkopeshaji. Deni likiwa Sh600,000 na mnada ulete Sh450,000, mdaiwa hubaki bila gari, huku akidaiwa Sh150,000 pamoja na gharama za dalali. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Anayeuza mapema, gari likiwa bado na bei nzuri, huyapunguza matanga hayo.